Mwano Uliopigwa Mbele ya Kituo

Siku yangu ya kwanza kazini nilijificha chini ya meza. Leo nacheka, lakini siku hiyo sikucheka hata kidogo. Nilikuwa nimepangiwa kuwa mtendaji wa kijiji huko Nassa, binti mwenye cheti kipya na viatu vya kuazima, na Afisa Tarafa mwenyewe ndiye aliyenileta kunikabidhi ofisi. Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja, meza, benchi, na muhuri uliohifadhiwa ndani ya kopo la maziwa ya unga. Mzee yule alikuwa bado ananionya juu ya muhuri, kwamba mtendaji hamwachii mtu muhuri hata kama ni shemeji yake, mara nikasikia ukelele nje. Haukuwa wa ugomvi wala wa msiba. Ilikuwa sauti moja ndefu, ikapokelewa na nyingine mbali kidogo, kisha nyingine upande wa ziwani, mpaka kijiji kizima kikawa kinapiga kelele. Mimi ni Msukuma niliyelelewa mjini. Nilidhani vita imeingia.

"Toka huko chini, binti," Afisa Tarafa akaniambia. "Huo ni mwano. Ukiusikia unakwenda."

"Kuna nini, mzee?"

"Hilo utaliuliza huko huko. Hapa unauliza ni wapi tu."

Ninyi mnaoanza kazi ya utendaji leo, wengi wenu mmetoka mikoa mingine, kwa hiyo nieleze. Mwano ni yowe la hatari. Anayelisikia anaacha jembe, anachukua fimbo, anakwenda, na njiani analipaza ili wa mbele yake nao walisikie. Asiyekwenda bila sababu anaitwa mbele ya sungusungu, yaani jeshi la ulinzi la wananchi wenyewe, ambalo mkuu wake anaitwa mtemi. Hao wanaweza kumtoza ng'ombe, au wakamtenga. Ukitengwa husalimiwi, huombi moto kwa jirani, na ukifiwa unachimba kaburi peke yako. Lakini kuna sheria nyingine ambayo wageni huwa hawaijui. Watu wakishakusanyika, aliyepiga mwano ndiye anayesimama katikati na kutaja sababu. Kabla hajasema, hakuna anayejua amekuja kufanya nini, na hakuna anayeondoka.

Mara nyingi sababu ilikuwa ng'ombe. Nilihamia Shishiyu nikiwa mtendaji wa kata, na huko ndiko nilikokomaa. Mwano ukipigwa, wanaume walikuja na kamba na mbwa, tayari kufuata nyayo. Kazi yangu ilikuwa kukaa kati ya watu hao na polisi, maana sungusungu wakimkamata mwizi kabla ya polisi kufika, huyo mwizi habaki na mbavu nzima. Kituo kiliongozwa na Sajini mmoja mnene, mpenda ugali wa mtama, ambaye kila alipopokea taarifa alipitia kwanza ofisini kwangu. "Mtendaji," alikuwa akisema, "nisindikize nikasalimie wenye kijiji, ndipo nianze ukali." Alisalimia kweli. Mwangaluka kwa huyu, mwadeela kwa yule, Kisukuma chake kibovu mpaka watoto wanacheka. Sisemi hakuwahi kumpiga mtu kibao. Alipiga. Ila watu walimwendea kwa miguu yao wenyewe kumweleza shida zao, na alipohamishwa wanawake walimfungia karanga.

Kata ya tatu sitaitaja. Iko upande wa Dutwa, ni kata ya pamba na mahindi, na wenyewe wakisoma hapa watajijua. Nilihamia huko nikiwa mtu mzima, miguu imeanza kuuma, nikidhani nakwenda kumalizia kazi kwa amani. Kituo kidogo cha polisi kilitazamana na ofisi yangu, barabara tu katikati, na kati ya jengo lao na barabara kulikuwa na nguzo ya bendera. Mkuu wa kituo alikuwa mgeni wa mkoa, mtu nadhifu, wa maneno machache. Hakuwahi kupitia ofisini. Nilipomfuata mimi kujitambulisha aliniitikia bila kuinua macho kwenye simu yake.

Hofu haikuingia siku moja. Kwanza niliona vijana wa bodaboda wakifika karibu na kituo wanashuka, wanazima pikipiki na kuisukuma mpaka wapite. Nikauliza kwa nini. "Ukipita unaunguruma wanakuita, mama." Ukiitwa kulikuwa na nini? Walisukuma pikipiki zao wakaenda. Kisha mama lishe aliyekuwa akipika chapati nyuma ya kituo akahamisha jiko lake. Nilipombana alisema moshi ulikuwa unamrudia. Moshi! Mwanamke huyo alikuwa amepika mahali pale tangu kabla sijafika. Baadaye aliniambia kwamba mchana kukiwa kimya alikuwa anasikia vitu kupitia ukutani, na chapati zinamwungulia.

Tukakaa kikao cha Kamati ya Maendeleo ya Kata. Wenye uzoefu mnajua kwamba uhai wa kikao uko kwenye ajenda ya mwisho, ile ya mengineyo. Hapo ndipo watu humwaga yaliyowajaa moyoni, na katibu wa kikao, ambaye ndiye mtendaji, hatamani kufika hapo. Siku hiyo nikasema, "Mengineyo." Kimya. Wenyeviti wa vijiji wakatazama sakafu. Mmoja akakohoa. Nikasema tena, nikidhani hawajasikia. Mwenyekiti mzee kuliko wote akasema, "Hakuna mengineyo, mtendaji. Funga kikao." Nilifunga.

Sasa nifike kwa Limbu.

Limbu alikuwa mtoto wa Mayu Kabula, mjane mwenye shamba la pamba nyuma ya zahanati. Huko kwetu mayu ni mama. Kijana alilima na mama yake, na siku za gulio aliendesha pikipiki. Mcheshi, mdomo haufungi. Alikamatwa gulioni mchana. Wengine walisema aligoma kushuka kwenye pikipiki, wengine walisema alijibu. Kwa kumjua, naamini alijibu.

Asubuhi yake nilimwona Mayu Kabula akienda kituoni na chupa ya chai na viazi vitamu ndani ya kitambaa. Ndivyo tunavyofanya, mtu akilala ndani, ndugu hupeleka chai. Wakamwambia kijana amepelekwa mjini. Mimi nilikuwa nimeshaiona gari ikiondoka. Nilikuwa nafungua dirisha la ofisi, na kwenye bodi la pikapu, kati ya miguu ya askari, niliona unyayo wa mtu usio na kiatu. Gari ilirukia shimo la barabarani na ule unyayo ukatikisika, ukarudi ulivyokuwa. Nilijua, jamani.

Mama hakuondoka. Alikaa ng'ambo ya barabara, chai kando yake, akisubiri gari irudi. Baadaye simu yake ikaita. Alikuwa kaka yake aliyeko Bariadi. Kijana alikuwa amefikishwa hospitali akiwa ameshakufa. Sikuyasikia maneno ya simu. Nilichoona ni kwamba aliiweka simu chini taratibu karibu na chupa, akasimama, akatazama lile jengo, akaweka mikono kichwani na kupiga mwano.

Ulikuwa msimu wa kuvuna pamba. Watu walikuwa mashambani kote. Niliusikia mwano ukipokelewa shamba hadi shamba, ukivuka bonde, na haikuchukua muda nikaanza kuwaona wakija. Wanaume na fimbo, wengine mapanga, wengine mishale, mbwa mbele, kamba mabegani, pamba bado imenasa kwenye nguo zao. Wanawake nyuma. Walijaza barabara na uwanja wa ofisi. Na swali lao lilikuwa moja, walimwuliza kila waliyemkuta:

"Ng'ombe wameelekea wapi?"

Mnaelewa? Hawakujua. Walidhani ni ng'ombe.

Ila ndani ya kituo hawakuona hivyo. Waliona watu mia kadhaa wenye silaha wanakimbilia kwao wakipiga kelele. Askari wakatoka na bunduki, wakapanga mstari nyuma ya nguzo ya bendera. Mmoja wao, konstebo kijana, mkanda wa bunduki yake ulikuwa unagonga chuma bila kukoma. Mkuu wa kituo akaniita kwa kidole. Nilivuka barabara ile. Haki ya Mungu, sijawahi kuogopa vile, wala sijui kama ningeogopa zaidi ningeweza kutembea.

"Watawanye," akasema.

"Afande, hawa hawajaja kwako. Ni mwano. Hawajui hata kuna nini. Wanadhani ng'ombe wameibwa."

Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu tujuane. Niliona jasho juu ya mdomo wake. "Kumbe," akasema. Akafikiri. "Basi waambie ni ng'ombe. Waambie wamepita upande wa mtoni. Waende."

Lilikuwa jambo rahisi, na ndiyo maana liliniogopesha. Neno moja, na uwanja wote ungeondoka mbio kuelekea mtoni, mbwa wakibweka, na hakuna ambaye angekufa. Lakini aliyepiga mwano alikuwepo. Kama ningesema ni ng'ombe, Mayu Kabula angekuwa amepiga mwano wa uongo, na mwano wa uongo una adhabu yake. Mwanawe amekufa, kisha atengwe?

"Siwezi, afande. Anayesema ni aliyeupiga."

"Na akisema?"

Nikageuka kuwatazama watu.

"Wakivuka hiyo nguzo," akasema, "mimi simo." Hakupaza sauti. Askari walimsikia, nami nilisikia vyuma vikilia.

Nilimwendea Mayu Kabula. Watu walikuwa wameanza kumtambua, wanampa nafasi, mtemi wa sungusungu anauliza kwa sauti, "Nani kapiga? Asimame, aseme." Nikapiga magoti mbele yake. Tulisema Kisukuma, kwa kunong'ona.

"Mayu, wana risasi za moto."

"Nimeziona."

"Ukisema hapa, wengine watakufa. Watakufa sasa hivi."

"Mwanangu alifanya nini?"

"Sijui."

"Ameuawa na nani?"

"Sijui, mayu. Niliona gari ikitoka. Niliuona mguu wake." Nikaanza kulia, mtumishi wa serikali, katikati ya watu.

Akawatazama waliokuja. Alikuwa anawatazama mmoja mmoja, na mimi nilijua anaona nini, maana walikuwa watoto wa jirani zake, vijana waliomvunia pamba. Kisha akainama akaniambia sikioni, "Mimi nitawaondoa. Wewe uniulizie. Aliyemuua mwanangu ana jina. Uniulizie."

"Nitauliza."

Akasimama. "Ni mimi niliyepiga," akasema. "Sababu iko nyumbani kwangu. Nifuateni."

"Ni ng'ombe, mayu?" mmoja akapaza.

"Nifuateni."

Akaanza kutembea, akiipa bendera mgongo. Na kwa kuwa ndiye mwenye mwano, wakamfuata. Wote. Vumbi lilipotulia, uwanja ulikuwa mtupu, na yule konstebo alikuwa amechuchumaa, anatapika.

Kwake ndiko alikosema. Nilikuwa bado barabarani niliposikia kilio, kilitoka kule nyuma ya zahanati kikaja mpaka kwenye madirisha ya ofisi. Vijana walitaka kurudi kituoni hapo hapo. Baadaye walinisimulia jinsi walivyozuiwa. Mayu Kabula alikwenda kulala chini kwenye lango la uzio wake wa minyaa, kifudifudi, akiwa amefunga kanga ya msiba. Anayetaka kutoka amruke. Kwetu hakuna mwanaume atakayemruka mama aliyefiwa. Walikaa ndani ya uzio na mapanga yao mpaka jua likazama, na yeye hakuinuka.

Tulimzika Limbu. Niliona mgongo wake wakati wazee wanamwosha, maana mtemi aliniita kwa makusudi. "Njoo uone, serikali," alisema. Niliona. Sitaueleza.

Mtu wa mbali angeuliza watu walifanya nini baada ya hapo. Waliogopa. Sikuona maandamano wala jiwe lililotupwa. Waliacha kupita barabara ya kituo, wakachonga njia nyingine katikati ya mashamba, na mwenye shamba hakulalamika pamba yake kukanyagwa. Hakuna aliyemsalimia askari. Sungusungu hawakukaa kikao wala kutangaza, lakini kila mtu alijua kituo kimetengwa. Mke wa konstebo akienda kununua maziwa, maziwa yameisha. Akienda mashineni kusaga, mashine imeharibika. Akitoka tu, inanguruma. Mwalimu mmoja aliandika kwenye kundi letu la WhatsApp la kata, maneno mawili matatu, "Limbu anastahili haki." Keshoye aliitwa kueleza. Alirudi mzima, lakini hakusema aliulizwa nini, na tangu hapo lile kundi likawa la kutakiana asubuhi njema na picha za maua. Mpaka leo ni maua tu.

Nami niliuliza. Niliuliza kwenye kikao cha usalama cha wilaya, mbele ya Mkuu wa Polisi wa Wilaya, mtu mpole, anayekusogezea kiti. Alisema kijana aliruka kutoka kwenye gari. Nikasema nimeuona mgongo. Akasema uchunguzi unaendelea. Nikauliza tena kikao kilichofuata. Baada ya kikao alinisindikiza mpaka mlangoni, akashika mkoba wangu kwa heshima kabisa.

"Mama, umebakiza muda gani kustaafu?"

"Si mrefu, afande."

"Ustaafu vizuri, basi."

Hakuniambia kingine. Nilifika stendi nikakuta nimepanda basi la kwenda kwingine.

Mkuu wa kituo alihamishwa, kimya kimya, na aliyekuja baada yake alikuwa na adabu. Kila siku ya gulio Mayu Kabula alifika ofisini, akaketi kwenye benchi, akaniuliza, "Wamesemaje?" Nami nikajibu, "Bado, mayu." Akasema wabeja, yaani asante, akaondoka. Niliogopa siku za gulio kuliko siku za ukaguzi.

Nikastaafu. Waliniaga kwa keki na godoro, hotuba zikawa nyingi, na mimi nikahamia nyumba yangu ndogo hapa Bariadi. Kama mnataka ushauri wa mtu aliyemaliza, huu ndio nilio nao. Salimieni watu kabla ya kuwaamuru. Jueni desturi za mahali kabla hamjazihitaji, kwa maana siku ya kuzihitaji hamtapata muda wa kujifunza. Na mkifika kwenye mengineyo mkakuta kimya, msifunge kikao. Mimi nilifunga kwa kuwa nilidhani nina muda.

Yeye aliendelea kuja. Anapanda basi mpaka mjini, ananiletea viazi au dengu, anauliza. "Mayu, nimestaafu," nilimwambia. "Nina nguvu gani tena?" Akasema, "Najua umestaafu. Mtendaji mpya akiniona anafunga mlango. Nimuulize nani?" Basi nikaendelea kuzunguka kwenye maofisi, mwanamke mzee na mkoba wake, nikikaa kwenye mabenchi. Siku moja mwanaume nisiyemjua alinisogelea nje ya ofisi moja, kijana mzuri tu, akaniamkia shikamoo, akaniambia wajukuu zangu wana bidii sana shuleni. Akaitaja shule. Nilirudi nyumbani nikafunga mlango mchana kweupe, nikakaa kitandani. Lakini niliendelea kuuliza. Nilikuwa nimesema nitauliza.

Mara ya mwisho alikuja wakati wa kupalilia. Alikaa, akanywa uji, tukaongea mvua, tukaongea bei ya pamba, tukamsema mtu. Akafunga kanga vizuri, akasimama kuaga.

"Mayu, leo hujaniuliza."

Alichungulia mlangoni kwanza. Nje alikuwa Masanja, mdogo wake Limbu, amemleta kwa pikipiki. Hakuwa amezima wala kushuka.

"Nimebaki na huyu," akasema. "Walikuja nyumbani. Waliongea vizuri. Walikunywa maji." Akanishika mikono yote miwili. "Usiulize tena. Nakuomba, mayu. Mahali popote. Acha."

Nilifungua mdomo nimwambie kwamba sitaacha, kwamba sasa nauliza kwa ajili yangu mwenyewe. Nje pikipiki ilikuwa inaunguruma.

"Sawa," nikasema. "Nimeacha."

Akapiga magoti, mwanamke aliyenizidi umri, pale pale kwenye sakafu yangu.

"Wabeja," akaniambia. "Wabeja sana, mayu."